Simu ya Kukunja Haikuwahi Kuwa Yetu

Wasee, hii stori ya simu za kukunja imenichosha. Kila nikifungua TikTok kuna mtu ameshika Motorola Razr ya 2004, anaifunga kwa mkono mmoja, tap!, halafu anaandika eti zamani simu zilikuwa simu. Zamani ya nani?

StarTAC, mama wa hizo simu zote, ilitoka 1996 ikiuzwa karibu dola 1,000. Hiyo ilikuwa simu ya bosi. Sikatai, kukunja kulikuwa na akili: simu inakaa ndogo mfukoni na vitufe havijibonyezi. Lakini shida iko kwa bawaba. Utepe mwembamba wa nyaya unapita pale, na kila ukifungua simu unaupinda. Ukikatika, skrini inazima, kwisha.

Sasa angalia mulika mwizi, Nokia 1100 ya 2003. Tochi juu. Vitufe vimefunikwa na mpira, vumbi halipenyi. Pembeni haitelezi hata mkono ukiwa na jasho. Aliyeichora alimfikiria msee wa Makongeni anayetoka shifti usiku, stima zimepotea, barabara ni vumbi tupu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Na M-Pesa ilipokuja 2007, haikuuliza kama simu yako ni maridadi. Ilitaka laini tu.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya uinjinia. Lakini najua hili: betri ya 1100 unaitoa kwa kucha. Simu nyingi za leo betri imegandishwa kwa gundi ndani, na fundi lazima apashe mgongo wa simu moto ndio ifunguke. Kwa zile mpya za kukunja ni noma zaidi, maana kioo chenyewe ndicho kinapindwa kila siku.

Mtasema nina wivu. Sawa, hata mimi napenda ile tap. Lakini tap hailipi deni. Kabla uchukue simu ya mkopo, ya kulipa kila siku, muulize muuzaji maswali matatu: Betri inatolewa aje? Kioo kipya ni pesa ngapi? Fundi wa mtaa ataweza kuifungua?

Akianza kukuonyesha rangi badala ya kujibu, toka hapo. Huyo anakuuzia urembo, na utaulipia hata baada ya simu kufa.