Mafahali Wawili Katika Kompyuta Moja

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," huniambia baadhi ya walimu wenzangu hapa Garissa, nao hudhani wamekwisha kunishinda. Wataka kompyuta zetu kuukuu zitupwe, kwa kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na nyingi katika hizo haziwezi kupokea Windows 11. Je, msomaji, tutupe chombo kizima ilhali wanafunzi wanangoja zamu?

Tazama jambo lenyewe. Diski hugawanywa sehemu mbili. Katika moja hubaki Windows; katika ya pili huwekwa Linux, mfumo endeshi ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, nao hupatikana bila malipo. Uwashapo kompyuta hutokea orodha, ukachagua mfumo uutakao. Mmoja huamka, mwingine amelala. Mafahali hao hawakutani kamwe.

Tena mtoto wa hapa husema Kisomali nyumbani, na darasani Kiswahili na Kiingereza. Nani amwambiaye asahau kimoja ndipo apokee kingine?

Hatari iko, sikatai. Mara ya kwanza nilichagua sehemu isiyo yake, nikafuta maandalio ya masomo ya muhula mzima. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuwa nimenakili hata ukurasa mmoja. Basi nakili kwanza, ndipo ugawe diski. Na Windows ile ya zamani itumie kwa programu zake tu. Intaneti uiachie Linux.