Shamba Peke Yake Si Pensheni



Ukimwuliza mwenye shamba wa Kinangop, Lugari au Sotik atakula nini akizeeka, mara nyingi atajibu, "Shamba langu ndilo pensheni yangu." Jirani yake atasema, "Pensheni yangu ni watoto." Wote wawili huona kwamba malipo ya uzeeni ni jambo la karani na mwalimu, ambao huacha kazi wakifika miaka 60. Mkulima, wasema, hastaafu.

Ni kweli mkulima hastaafu, lakini mgongo wake hustaafu. Siku hiyo ng'ombe hatajikamua, wala magugu hayatajing'oa. Shamba humlisha mwenye nguvu za kulima au mwenye fedha za kumlipa kibarua. Mzee asiye na nguvu wala fedha ana ardhi tu, na ardhi haipikwi.

Kuwategemea watoto si aibu. Ni desturi yetu njema. Lakini wao nao wana karo za kulipa. Tena wazee wengi hugawa shamba lote mapema. Eka 15 zikigawiwa watoto 5, kila mmoja hupata eka 3, na baba na mama hubaki kama wageni katika boma lao wenyewe. Bakiza sehemu yako na ya mke wako.

Wengine husema, "Serikali itatusaidia." Msaada upo. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si za kudharauliwa, maana hununua unga na chumvi. Lakini hazianzi mpaka miaka 70. Je, mgongo ukichoka ukiwa na miaka 60?

Kumbuka jinsi wazee wetu walivyofanya. Waliopewa mashamba kuanzia mwaka 1962, katika mpango wa eka milioni moja, walichukua mikopo ya ardhi ya miaka 30. Mahali pengi malipo yalikatwa katika chama cha ushirika, kabla fedha za mazao hazijafika mkononi. Walinung'unika, lakini fedha isiyofika mkononi haipotei sokoni.

Basi, jihesabu wewe mwenyewe kuwa mdai wako. NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, ina mpango uitwao Haba Haba kwa watu wasio na mwajiri, nao huanza na shilingi 25 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 9,125. Anayeanza akiwa na miaka 40 atakuwa ameweka shilingi 182,500 afikapo 60, bila kuhesabu faida. Hizo zinatosha kujilipa shilingi 2,000 kila mwezi kwa miaka 7 na zaidi. Bei za vitu hupanda, kwa hiyo ongeza akiba kila mavuno yakiwa mema.

Usingoje mwaka wa neema. Mwezi huu, fedha za maziwa zikitoka, tenga kwanza fungu la uzee wako, ndipo ununue mengine. Deni hili ukilikwepa, atakayedaiwa ni wewe, siku ambayo huna nguvu za kulipa.