Hereni ya ng'ombe tumeisikia. Banda lako je, nani analijua?

Wafanyabiashara wenzangu, leo sizungumzii bei wala namna ya kupiga picha ya bidhaa ikavutia. Nazungumzia banda. Wewe unayeuza kuku wa kienyeji, mayai, mbuzi, maziwa au samli kupitia WhatsApp na kwenye magrupu, nikuulize: ugonjwa ukiingia kijijini kwenu leo saa nne asubuhi, nani mwenye dhamana anajua kwamba nyuma ya nyumba yako kuna kuku 60 na mbuzi 9? Sisemi jirani. Nasema mtu mwenye daftari au kompyuta, ambaye kazi yake ni kukupigia simu kabla hujapakia tenga lingine kwenye basi la Kahama.

Kwa wengi wetu jibu ni hakuna.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonirukia: kila mahali anapofugwa mnyama wa kuuzwa pasajiliwe, hata kama ni kuku watano chini ya mwembe, na sisi tunaouza mtandaoni tuwe wa kwanza kujipeleka. Pasajiliwe mahali penyewe, siyo mnyama peke yake.

Sheria siyo ngeni. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni Namba 12 ya mwaka 2010, na malengo yake ni kudhibiti magonjwa na wizi wa mifugo, kulinda usalama wa chakula na kusimamia usafirishaji wa mifugo. Ila huku chini imetufikia vipande vipande. Mwaka 2017 ilikuwa chapa ya moto. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki, ng'ombe 1,750 na mbuzi 1,000, na mjadala wote ukaishia kwenye bei ya hereni. Juni 2025 Rais Samia akazindua kule Bariadi, Simiyu, kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo serikali inachangia nusu ya gharama, kuku wa kienyeji wanachanjwa bure. Hilo ni jambo zuri na nawaambia wateja wangu kila siku wasiliache lipite.

Lakini hereni inatembea na mnyama. Kuku havai hereni, na yai ndiyo kabisa. Halafu mfikirie mbuzi aliyenunuliwa mnadani Jumatatu akauzwa Alhamisi. Hereni itakwambia huyo mbuzi ni nani. Haitakwambia siku tatu hizo alilala zizini kwa nani, amegusana na mbuzi wa nani, na mwenye zizi aliuza wengine wangapi siku hiyohiyo. Na ugonjwa hupita humohumo. Tena hiyo ndiyo biashara yetu sisi: tunakusanya wawili kwa huyu, wanne kwa yule, tunawalaza pamoja usiku mmoja, asubuhi tunawatawanya kwa wateja sita wa miji tofauti. Mfugaji wa kawaida ana zizi moja. Mimi kwa wiki nagusa mabanda kumi na kitu.

Waingereza walilijua hili kwa uchungu mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo uligundulika Februari kwa nguruwe waliofikishwa machinjioni. Kumbe wakati huo kondoo wenye virusi walishapita minadani na mikononi mwa madalali, na mashamba zaidi ya hamsini yalikuwa tayari yameambukizwa bila mtu kujua. Mpaka moto unazimika, wanyama zaidi ya milioni sita walikuwa wameuawa. Leo kule kwao, tangu Oktoba 2024, England na Wales, mtu mwenye kuku hata mmoja uani lazima ajisajili na aseme kuku huyo anakaa wapi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka, kuku mmoja! Kisha nikaona hesabu yake. Mafua ya ndege yakithibitishwa kwenye banda moja, wanachora duara la kilomita 3, halafu lingine la kilomita 10, na masharti yanawabana waliomo ndani ya duara. Aliyeko kilomita ya 11 anaendelea kuuza.

Duara halichoreki kama hujui mabanda yako wapi. Ukikosa orodha unabaki na dawa moja tu, kufunga kila kitu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inaipa serikali nguvu ya kuweka karantini na kuzuia mifugo kusafirishwa, na silaumu, mlipuko ukiwa mkubwa lazima wafunge. Ila karantini ya wilaya nzima inampiga mwenye ng'ombe 300 na mwenye mtaji wa 80,000 kwa rungu lilelile. Wa ng'ombe 300 atauza akifunguliwa. Wewe wa 80,000 kuku wako wanakula pumba kila siku, mteja anahamia kwa mwingine, na mkopo wa kikundi unadai Ijumaa kama kawaida.

Na msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2022 Homa ya Bonde la Ufa ilipiga ng'ombe Burundi na Rwanda. Sisi wa Ngara mpaka wa Kabanga unatupeleka Burundi, wa Rusumo unatupeleka Rwanda, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umetuzunguka kushoto na kulia. Burundi ilibidi serikali izuie ng'ombe kusafirishwa na kuuzwa. Kwetu Tanzania homa hiyohiyo ilikuja 2007, ikaanzia kaskazini, ikafika hadi mikoa ya kati, na watu zaidi ya 100 wakafa, maana inampata hata binadamu, kwa mbu na kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Mimi nilikuwa mtoto. Wachinjaji waliokuwepo watakusimulia jinsi nyama ilivyolala buchani, hata sehemu ambazo hazikuwa na ng'ombe hata mmoja mgonjwa. Watu waliogopa nyama yote kwa sababu hapakuwa na wa kuwaambia ipi ni salama na ipi siyo.

Hili la hofu nimelionja. Mwaka juzi kulisambaa ujumbe kwenye grupu moja la wauza kuku kwamba kuku wa Ngara wanakufa kwa kideri, msinunue. Alioutuma hakusema kata, hakusema kijijini kwa nani. Ndani ya siku mbili oda zangu nne zilifutwa, pamoja na ya mama wa Kahama aliyekuwa anachukua majogoo kila mwezi. Kuku niliokuwa nao walikuwa wamechanjwa, wazima, wanapiga kelele. Nilimpigia simu mtu ninayeamini angejua, akaniambia kweli kuna vifo, ila wapi hasa naye anasikia tu kama mimi. Kama kungekuwa na orodha ya mabanda, mtu mmoja angeandika: ni kitongoji fulani, mabanda matatu, kwingine bado. Sentensi moja. Mimi ningeuza, na wale wa kitongoji kile wangepata msaada badala ya kuficha mizoga usiku.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua, kwa sababu siwezi kujifanya sikijui. Mimi ni mtu wa Lukole. Huku kwetu neno orodha lina historia yake. Hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi, mpaka 2008 ilipofungwa, na maisha ya mtu yalikuwa karatasi: jina likiwepo unapata mgao, jina likiitwa unapanda lori kurudi kwenu. Halafu 2013 ikapita Operesheni Kimbunga Kagera, Kigoma na Geita, watu wakarudishwa mipakani, wengine na ng'ombe wao. Mzee wa huku ukimwendea na daftari ukamwambia nataka kuandika zizi lako na idadi ya mbuzi, anakwambia wawili. Ana kumi na nne. Siyo mjinga wala mkorofi, anakumbuka tu. Na wale ambao hawana kumbukumbu hiyo wana nyingine, ya kodi na ushuru: leo unaandika mbuzi wangu, kesho unakuja na kitabu cha risiti.

Wanaotuhimiza kujisajili huwa wanaliruka hili, wanasema elimu itolewe. Hapana. Elimu haimalizi hofu yenye sababu. Inayoimaliza ni ahadi iliyoandikwa: orodha ya mabanda kwa ajili ya magonjwa itumike kwa magonjwa, isipelekwe kwa mkusanya ushuru, isitumike kuuliza babu yako alivuka mto lini. Watunze wataalamu wa mifugo, na anayeitumia kwa lingine awajibishwe. Bila hiyo utapata orodha ya uongo, na orodha ya uongo siku ya mlipuko ni mbaya kuliko kukosa kabisa, maana mtaalamu ataleta dozi mbili za chanjo kwenye zizi la mbuzi kumi na nne.

Na isitoze hela. Hereni ni kifaa, sawa, kina gharama. Kuandika mahali kunahitaji kalamu.

Kuna wanaosema subiri serikali ikuletee utaratibu mpaka mlangoni. Mimi sisubiri, kwa sababu nina simu na nina ulimi. Nimefungua daftari dukani. Kila ninayenunua kwake ana ukurasa: jina, namba ya simu, kitongoji na balozi wake, lokesheni niliyoichukua kwa simu nikiwa nimesimama pale pale bandani, aina ya wanyama, idadi ya kukadiria, na mara ya mwisho walichanjwa lini. Upande wa pili naandika niliuza kwa nani na tarehe. Dakika tano, haizidi. Banda langu mwenyewe nimelipeleka kwa afisa mifugo wa kata, nikaomba aandike na namba yangu ya simu. Alishangaa kidogo, akaniambia watu huja kwake kuku wakishakufa.

Wanaoniuzia, sikuwalazimisha wapelekwe. Niliwaambia daftari linakaa dukani na halitoki bila wao kujua, isipokuwa siku ya ugonjwa. Watatu walikataa. Wawili kati yao bado nanunua kwao. Huyo wa tatu aligoma hata kunionyesha banda lilipo, anataka kuleta kuku barabarani usiku. Huyo nimemwacha, na wewe muuzaji nakushauri umwache wa kwako, hata kama bei yake ni nzuri.

Faida yake nimeiona mapema kuliko nilivyotegemea. Mteja mpya wa Mwanza aliniuliza kuku wanatoka wapi, nikamtajia kijiji na tarehe ya chanjo palepale. Hakuomba kupunguziwa bei.

Kwenu wafugaji wa nguruwe mliomo humu, ninyi ndio ningependa kuwasikia kuliko wote. Homa ya nguruwe hapa kwetu haina chanjo wala dawa, ikiingia inafagia zizi zima, na bado ninyi ndio mnaoongoza kwa kuuza kimyakimya mnyama akianza kukataa chakula. Niambieni ni nini kingewafanya mpige simu siku hiyo badala ya kumwita mchinjaji.