Mchezo Mpya Waanza Saa ya Isha

Jioni moja mwaka 2022 nilikaa katika mkahawa wa chai hapa Ngong, jua limeshatua nyuma ya vilima. Televisheni ilikuwa ikitoa habari za saa moja. Mara likaja tangazo la mchezo mpya: binti wa Kipwani, kipofu, jina lake Sultana. Mwenye mkahawa, kijana wa Kimaasai, akaniuliza, "Mzee, huko kwenu ndivyo mlivyo?" Nikacheka, lakini swali lilinikaa.

Zamani sisi hatukubembelezwa hivi. Televisheni ilipoanza Kenya 1962, na Mombasa ilipopata kituo chake 1970 chini ya Sauti ya Kenya, stesheni ilikuwa moja. Mtangazaji alitusomea vipindi vya usiku, gazeti likavichapa, basi. Utapiga debe la nini na mpinzani hayupo? Vioja Mahakamani tuliusifu wenyewe barazani, kahawa mkononi. Upinzani ulikuja na KTN 1990, na mitambo ya analojia ilipozimwa 2015 tukaingia katika kelele za stesheni chungu nzima.

Wamarekani walikuwa na utaratibu wao. ABC, CBS na NBC zilianza michezo mipya kila Septemba, watu wamerudi kutoka likizo na usiku unarefuka. Kabla ya hapo zilijiimbia nyimbo za kujisifu, na jarida la TV Guide likatoa toleo nene la kutangulia msimu. Wamisri nao, na Waarabu wa Ghuba, msimu wao ni Ramadhani: jamaa wote wako nyumbani baada ya kufuturu, na matangazo huanza kabla mwezi haujaandama.

Kenya hatuna msimu. Citizen ilianza Maria 2019, Zora 2021, kisha Sultana, zote kazi za Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ambao pia wamekuwa wasomaji wa habari katika stesheni hiyo hiyo. Na katika Sultana kilichonadiwa ni sisi wenyewe: lafudhi yetu, mavazi yetu, uchumba wetu. Sioni aibu. Ni afadhali kuliko miaka ile ya tamthilia za Meksiko, Mmeksiko akilia kwa Kiingereza cha kubandikwa.

Linalonikera ni saa. Michezo hiyo ilianza saa moja na nusu, na hapa Ngong huo ni ukingo wa Isha. Tangazo lasema usikose, muadhini naye aita. Mmarekani alipima baridi, Mmisri akapima futari. Aliyetupangia sisi alipima tu kwamba habari zimekwisha. Mwenye kunadiwa hakuulizwa yuko wapi saa hiyo.

Usiku wa kwanza wa Sultana niliinuka kwenda msikitini. "Mzee, na mchezo wa kwenu?" akasema yule kijana. Nikamwambia atanihadithia. Niliporudi akanihadithia kweli, kwa Kiswahili chake cha Kajiado, chai yangu imepoa mezani.