Kamba za Viatu Baada ya Umri wa Kliniki

Kiswahili kina maneno mengi ya kumwita mtoto ambaye mikono yake haimtii: mzembe, goigoi, mzito, hana mikono. Hakina neno la kawaida linalomweleza bila kumlaumu. Mtoto wa miaka 8 asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake vya shule, anayefunga vifungo vya shati akiruka kimoja, anayemwaga uji kabla hajafika mezani na ambaye mwandiko wake humshinda hata yeye mwenyewe kuusoma, hupewa mojawapo ya majina hayo muda mrefu kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya. Mara nyingi haonwi kabisa. Lawama ya jambo hilo si ya wazazi peke yao. Imo pia katika namna huduma za mtoto zilivyopangwa.

Hali inayozungumziwa hapa inatambulika kitabibu. Inaweza kuitwa tatizo la uratibu wa mijongeo katika ukuaji. Katika baadhi ya nchi jina lililozoeleka ni dispraksia. Wataalamu walikutana mwaka 1994 katika mji wa London, jimbo la Ontario nchini Canada, wakakubaliana kutumia jina moja, baada ya miongo ambamo majarida ya tiba yenyewe yaliwaita watoto hao kwa neno lisilopishana sana na yale ya mtaani. Mtoto mwenye hali hii ana akili zake, anaona, na misuli yake ina nguvu. Kinachomshinda ni kupanga na kuunganisha mijongeo ili iwe tendo moja lililo laini. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa na watafiti ni kwamba ubongo wa kawaida hukadiria mkono utafika wapi kabla haujafika, ukasahihisha njiani; kwa mtoto huyu makadirio hayo ni dhaifu, hivyo kila mara hutenda kama anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Katika nchi ambako uchunguzi umefanyika kwa upana, hali hii hukadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule ya msingi, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Kama kiwango hicho ndicho kilichopo hapa, darasa la wanafunzi 60 lina watoto watatu wa aina hiyo. Waliozaliwa njiti au wenye uzito mdogo wamo hatarini zaidi. Wengi wana pia tatizo la kutotulia na kukosa umakini, na ndiyo sababu mwalimu huona utundu peke yake na kuishia hapo.

Sasa pengo lenyewe. Nchini Tanzania mtoto hufuatiliwa katika kliniki ya mama na mtoto hadi anapotimiza miaka 5. Kwa kweli mahudhurio ya wengi hupungua mapema zaidi, mara baada ya chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18. Kadi huwekwa kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kuanzia hapo mtoto hufika kituoni akiwa na homa, kuhara au jeraha. Lakini miongozo ya kitaalamu inasema kwamba tatizo la uratibu kwa kawaida lisithibitishwe kabla ya miaka 5, kwa kuwa watoto wadogo hutofautiana mno katika kasi ya ukuaji. Kwa hiyo umri ambao hali hii inaanza kutambulika ndio ule ule ambao mfumo unamwachia mtoto mkono. Hata vipimo vya ukuaji vilivyobuniwa Afrika Mashariki havijaliziba pengo hilo: kile kinachojulikana sana kilichotengenezwa Kilifi, Kenya, ni cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Vile vya umri wa shule vinavyotumika zaidi duniani vimesanifiwa kwa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini.

Kukosekana kwa kipimo rasmi hakumzuii mhudumu kuuliza. Ila aulize swali linalolingana na maisha ya mtoto aliye mbele yake. Kamba za viatu ni dalili nzuri mjini, kwa mtoto aliyevaa viatu vya kamba tangu chekechea. Kwa aliyekulia katika ndala na kuvaa viatu vya kufunga kwa mara ya kwanza siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, kushindwa kuzifunga hakumaanishi lolote. Hajapata nafasi ya kujifunza, na nafasi hiyo ni sehemu ya tafsiri ya tatizo lenyewe. Huyo aulizwe mengine. Je, anaweza kumega tonge la ugali na kulichovya bila kulidondosha? Anachota maji na kufika na ndoo bila kulowa kuliko wenzake? Akicheza rede hulikwepa au huligonga kila mara? Anaruka kamba? Je, bado anavalishwa sare na dada yake ilhali mdogo wake anavaa mwenyewe? Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, kwa sababu mama asiyeona tofauti kati ya mtoto wake na watoto wa kitabuni huiona mara moja kati ya watoto wawili waliolala chumba kimoja.

Majibu yakielekea upande mmoja, mhudumu asikimbilie kutoa jina. Kwanza aondoe magonjwa yanayofanana. Mtoto aliyekuwa akiweza jambo kisha akalipoteza, anayedhoofika upande mmoja, anayeanguka mara kwa mara kuliko mwaka jana, mwenye maumivu ya kichwa na kutapika asubuhi au mwenye degedege, anahitaji rufaa ya haraka. Mvulana ambaye akiinuka kutoka chini hujisukuma kwa kushika mapaja yake huenda ana ugonjwa wa misuli. Udhaifu wa ghafla kwa mtoto mwenye selimundu ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Historia ya kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya uchanga au malaria iliyopanda kichwani humtaka mhudumu apime mfumo wa fahamu kwa makini zaidi, kwa kuwa huenda kinachoonekana ni mtindio mdogo wa ubongo. Macho nayo yapimwe. Ni aibu kumpa mtoto mazoezi ya vidole miezi mitatu kumbe alihitaji miwani.

Wapo wahudumu wenye uzoefu watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa katika zahanati yenye foleni hadi nje ya uzio, na kwamba mtoto atakua tu. Hoja ya foleni ni ya kweli na haijibiki kwa maneno matamu. Hoja ya pili haina msingi. Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 50 hadi 70 katika kila 100 wenye tatizo hili huendelea nalo wakiwa vijana. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba mwigizaji Daniel Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa na miaka 19 na umaarufu wa dunia nzima, ana dispraksia kiasi na kwamba wakati mwingine bado anahangaika na kamba za viatu. Yeye alikuwa na wa kumweleza kinachomsumbua. Asiye na bahati hiyo hujiondoa polepole katika michezo, hukosa mazoezi ya mwili, huongezeka uzito, na hujijengea imani kwamba hafai. Wasiwasi na huzuni huonekana kwa watoto hawa zaidi kuliko kwa wenzao.

Na tiba yake haihitaji dawa wala mashine. Miongozo ya kimataifa iliyohuishwa mwaka 2019 inasisitiza kufundisha tendo lenyewe linalomshinda mtoto badala ya mazoezi ya jumla yanayodhaniwa kuimarisha ubongo. Kama shida ni kamba za viatu, afundishwe kamba za viatu. Njia iliyoendelezwa nchini Canada humfanya mtoto atamke lengo lake, apange namna ya kulifikia, atende, kisha akague mwenyewe palipokwama. Mkufunzi humwongoza kwa maswali: mkono gani ulishika, kamba ipi ilipita juu, kwa nini fundo limelegea?

Mzazi anaweza kuanza nyumbani jioni hii hii. Kiatu kiwekwe mezani au mapajani, kidole cha mbele kikielekea mbele kama kinavyovaliwa, kisiwe mguuni bado. Kuinama na kufunga kwa wakati mmoja ni kazi mbili. Kamba ziwe za rangi mbili tofauti, ili mtoto aambiwe "nyekundu ipite juu ya nyeupe" badala ya "hii ipite juu ya ile". Mzazi afunge hatua zote isipokuwa ya mwisho, na mtoto avute tu vitanzi viwili hadi vikaze. Hivyo kila jaribio linamalizikia kwa ushindi wake. Akishaizoea, aachiwe hatua mbili za mwisho, kisha tatu, akirudi nyuma mpaka mwanzo. Anayeshindwa na kitanzi kimoja cha kuzungushwa atengeneze viwili, kama masikio ya sungura, na kuvifunga fundo la kawaida. Dakika kumi kila siku zinatosha. Zisiwe zile za asubuhi ambapo basi la shule linapiga honi nje. Wakati anajifunza, hakuna ubaya akivaa viatu visivyo na kamba. Sare ya shule haiharibiki kwa hilo, ingawa wapo walimu wakuu wanaoamini inaharibika.

Shuleni ndiko mtoto huyu anakoumia zaidi. Darasa la kwanza na la pili ni miaka ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na anayeandika polepole huonekana hajui ilhali anajua. Mwalimu anaweza kumpunguzia kunakili ubaoni, kumwuliza baadhi ya majibu kwa mdomo, kumpa daftari la mistari mipana na kumwongezea muda. Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu kiboko kwa masharti, na daftari chafu ni miongoni mwa visingizio vya kukitumia. Kumchapa mtoto mkono kwa sababu mkono wake hauandiki vizuri ni kama kumnyima chakula mwenye utapiamlo hadi aongezeke uzito.

Watoa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao hasa ndiyo hii, ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Mtoto aliyepewa rufaa anaweza kusafiri siku nzima kuwafuata, na mara nyingi karatasi anayofika nayo imeandikwa "mtoto mzito" au "achunguzwe ubongo". Karatasi hiyo haimsaidii mtu. Muuguzi au tabibu wa zahanati ataokoa safari ya pili akiandika alichokiona: umri wa mtoto, alizaliwa na uzito gani, lini alitembea, kwamba hawezi kufunga vifungo wala kamba ingawa amefundishwa kwa mwaka mzima, kwamba hajapoteza uwezo wowote aliokuwa nao, kwamba macho yamepimwa na nguvu ya pande zote mbili ni sawa, na kwamba mwalimu ametuma daftari lake, ambalo limebanwa nyuma ya barua.