Panga njia ya pili kabla mtandao haujakukatikia

Septemba 30, 2025, kampuni ya AOL kule Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya dayalapu, ile ya kompyuta kupiga simu kwanza ndipo iingie mtandaoni. Marafiki zangu walicheka sana. "Kwani kuna mtu alikuwa bado anatumia hiyo kitu?" Mimi sikucheka, na wacha nikuambie kwa nini.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana. Tangu hapo nakula kwa kutunza kompyuta na mitandao ya maduka na ofisi ndogo, nyingi nikizishughulikia nikiwa chumbani kwangu Nairobi. Siku moja nilikuwa nabadilisha mpangilio wa rauta ya mteja aliye Voi. Nikakosea tarakimu moja, nikabonyeza, kimya. Nilikuwa nimejifungia nje mwenyewe. Nilipanda basi la usiku kwa nauli yangu, nikafika alfajiri, nikaandika upya mstari mmoja. Dakika mbili tu. Halafu basi tena, kurudi Nairobi. Piga hesabu uone hiyo kazi ilinilipa nini.

Rauta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia.

Mafundi wa zamani walilijua hili. Walichomeka modemu ya simu kwenye tundu la rauta linalotumika kuisimamia. Mtandao mkubwa ukianguka, fundi anapiga simu, modemu inapokea, inageuza sauti za laini kuwa data, naye anaingia kwa njia ya pembeni na kurekebisha. Leo waweza kufanya vivyo hivyo kwa modemu ndogo ya laini ya simu ya mkononi. Vifaa vimebadilika, lakini mpango ni ule ule. Na mpango ndio vijana wengi tunauruka.

Anza kwa kujiuliza utafanya nini kupitia njia hiyo. Modemu ya dayalapu ilifika kilobiti 56 kwa sekunde, yaani kama kilobaiti 7. Picha moja ya megabaiti 3 ingekula dakika saba hivi. Filamu ya megabaiti 700 ingekula zaidi ya saa 27! Lakini amri za maandishi ni herufi chache tu, zinapita bila shida. Kwa hivyo usimdanganye mteja kwamba njia ya pili itabeba kazi zote za ofisi. Hiyo ni ya kuokoa jahazi.

Pili, hakikisha kweli ni njia nyingine. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya nzima tukaona intaneti ikitambaa. Nyaya mbili, siku moja. Kama faiba yako na laini yako ya akiba ni za kampuni moja, au zote zinategemea soketi moja ya stima, buda, hapo bado una njia moja. Chukua laini ya kampuni tofauti, na uweke betri.

Tatu, funga mlango. Njia ya pembeni ndiyo mwizi huipenda, maana hakuna anayeiangalia. Zamani kulikuwa na mbinu safi: ukipiga simu, modemu inakata, kisha inakupigia yenyewe kwa nambari iliyohifadhiwa. Mgeni hapati nafasi. Leo ruhusu watu wanaojulikana tu, tumia nenosiri refu, weka uthibitisho wa pili, na uandike nani ameingia saa ngapi. Ukiacha kazi kwa mtu, nenosiri libadilishwe siku hiyo hiyo. Hata kama ni wewe uliyeondoka.

Nne, ijaribu kila mwezi. Laini ya akiba huisha bando, au hufungwa kwa kukaa bila kutumika, na utagundua siku ile unayoihitaji.

Najua kinachotuzuia. Mteja hapendi kulipia kitu ambacho haonekani kukitumia, nasi tunaogopa kumpoteza, basi tunanyamaza. Mimi naona huko ni kujinyonga. Andika gharama ya njia ya pili kwenye makadirio tangu siku ya kwanza. Mwambie mama mwenye duka waziwazi: "Mama, hii hapa ni bei ya modemu, na hii ni hasara ya siku moja bila kuuza. Chagua." Akikataa, ni sawa, lakini awe amejua.

Sisi tusio na cheti hatuna karatasi ya kututetea. Kinachotutetea ni kazi kusimama tukiwa mbali. Yule mteja wa Voi sasa ana modemu ya akiba, na mimi ndiye niliyeinunua ya kwanza. Mtandao wake umeshaanguka tena mara mbili. Mara zote mbili niliurudisha nikiwa kitandani, chai ikiwa bado moto.

Wewe je, ukijifungia nje usiku wa leo, utaingilia wapi?