Zima Sauti, Kisha Uniambie Unajifunza Piano

Leo naweka kando seva na lugha za programu. Nina ugomvi na zile programu za kufundisha piano, zile ambazo vigae vya rangi vinashuka kwenye kioo nawe unakimbizana navyo kwa vidole. Najua wengi wenu mnazo kwenye simu. Mimi pia nilikuwa nayo kwa miezi minane, tena ya kulipia.

Ugomvi ulianzia kwenye matanga ya nyanya yangu, huko Taita. Usiku wa tatu watu walikuwa uani wakiimba tenzi, kukaletwa kinanda cha kanisa. Shangazi akanigeukia: "Si tunasikia siku hizi unapiga piano huko Nairobi? Haya, mpigie nyanyako." Nikaketi bila wasiwasi wowote. Wimbo wenyewe niliujua, programu ilikuwa imenipa alama 98 kwa 100!

Shangazi akaanza kuimba pale koo lake lilipoangukia. Mimi nikabonyeza C, kama nilivyofundishwa. Yeye hakuwa kwenye C, wala jirani na C. Nikajaribu kitufe kingine, nikapotea zaidi. Ubeti wa pili nikaondoa mikono, watu wakaendelea kuimba bila mimi.

Kijana mmoja wa kwaya, hajafika hata miaka 15, akaniomba kiti. Akagusa vitufe viwili vitatu polepole, akampata shangazi, wakamaliza pamoja. Baadaye nilimuuliza amejifunzia wapi. "Nasikiliza tu, halafu natafuta do."

Sasa kwa vile mkate wangu ni kuandika programu, niliporudi Nairobi nilifanya jaribio. Nikaunganisha kinanda na tarakilishi kwa waya, nikafungua programu ile, nikazima sauti kabisa. Nikaupiga wimbo uleule nikifuata vigae. Alama: 97.

Hebu fikiria. Nimefaulu mtihani wa muziki bila kusikia hata nota moja.

Ukijua kinachofanyika ndani huwezi kushangaa. Kinanda cha umeme kikiunganishwa na tarakilishi huongea kwa MIDI, mfumo uliopo tangu 1983. MIDI haitumi sauti, inatuma namba. C ya katikati ni 60, kitufe cheusi kinachofuata ni 61, D ni 62. Programu inalinganisha namba uliyobonyeza na ile iliyoitarajia, na kama umebonyeza kwa wakati. Basi. Sikio lako halimo kwenye hesabu. Ni mchezo mzuri wa macho na vidole, sikatai, lakini anayeucheza ni kama yule mwanafunzi anayenakili na kubandika msimbo wa watu. Leo unafanya kazi. Kesho mteja anabadilisha kitu kidogo tu, kijana amekwama.

Nikisema hivi huwa najibiwa mambo mawili.

La kwanza: eti kupiga kwa sikio ni kipaji, mtu huzaliwa nacho. Si kweli. Kuna wachache wanaoweza kuitaja nota kwa jina mara wanapoisikia, bila kuilinganisha na nyingine. Lakini hicho hukihitaji. Unachohitaji ni kusikia umbali kati ya nota na nota, na hilo tayari unalo. Mtu akiimba wimbo wa taifa akakosea nota moja, hata wewe unayesema hujui muziki unakunja uso. Na wimbo huohuo ukianzwa juu au chini bado unautambua. Wenzangu wa programu wataelewa: sikio huhifadhi njia kuanzia pale ulipo, si anwani kamili.

Hesabu zenyewe zinakubali. Ukihesabu vitufe vyeupe na vyeusi pamoja, kila kimoja kina mitetemo mara 1.0595 hivi ya kile cha kushoto kwake. Ukipanda vitufe 12 mitetemo inakuwa maradufu: A ya 440 inafika 880. Uwiano ni uleule kila mahali, ndiyo maana wimbo unaweza kuhama nyumba bila kuvunjika.

Isitoshe, chombo cha kujifunzia tunacho makanisani: solfa. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliianzisha karne ya 19, John Curwen akaieneza, wamishonari wakaileta Afrika. Kwenye solfa do haina kitufe chake maalum. Do ni nyumbani, popote wimbo ulipopiga kambi. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga kwa solfa, mwaka 1897, tuni ambayo leo Watanzania wanaiimba kama wimbo wa taifa. Na wetu sisi Wakenya ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto, uliotoka mdomoni ukaingia sikioni kabla ya kamati kuutengeneza mwaka 1963. Halafu leo tunamwambia mtoto asubiri vigae?

La pili linatoka kwa walimu: msingi ni kusoma nota. Nawaheshimu, na Beethoven sitamfikia kwa kupapasa. Lakini mtoto huongea kwanza, ndipo anapelekwa shule kusoma. Ninachopinga ni mpangilio tu.

Kwa hivyo wewe unayeanza leo, fanya hivi:

1. Chagua wimbo mfupi unaoujua tangu utotoni. Uimbe kabla ya kugusa kinanda.

2. Tafuta do. Mara nyingi ndiyo nota ambayo wimbo unamalizikia, pale unapohisi umefika.

3. Tafuta tuni kwa kidole kimoja. Ukikosea usikimbilie video, jiulize: niende juu au nishuke?

4. Ongeza kodi (si zile za serikali). Kwa kuanzia tatu zinatosha: ya do, ya fa na ya so. Do ikiwa C, ni C-E-G, F-A-C na G-B-D. Zihesabu, nota zote 7 za do re mi zimo humo. Kila nota ya tuni ina kodi ya kuikaribisha. Sikio lichague.

5. Kesho yake anza na do nyingine. Na kile kitufe cha kuhamisha kii kiache kwanza, kinaongeza namba tu, hakikuongezei sikio.

Mimi ilinichukua majuma sita kuupata wimbo mmoja tu, ule wa nyanya. Hakuna aliyenipa alama. Lakini Desemba, nyumbani, shangazi alianza tena pale koo lake lilipoangukia. Nikakosa nota nne, ya tano nikampata, tukaenda naye hadi mwisho.

Nyanya hakuwepo kusikia. Hilo ndilo sijaisamehe programu ile.

Anayenipinga karibu, tubishane. Ila kwanza nenda ukazime sauti, ucheze, halafu uje na alama zako.